Kuusikiliza Utenzi wa Al-Inkishafi

Jioni hii nimeusoma tena utenzi wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, nikiwa na kalamu mkononi ili nitie alama kila tamathali niliyoitambua. Tashbihi (mifananisho) na maswali ya balagha (yasiyongoja jibu) hazikunichukua muda, na dunia inayochorwa kuwa bahari iliyochafuka ni istiara isiyojificha, yaani kitu kuitwa kingine moja kwa moja. Ubeti ulionikalia rohoni ni ule unaoyaeleza majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, baada ya wenyewe kufa:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme,
husikii hisi wala ukeme,
zitanda matandu walitandiye.

Kwa macho, hii ni taswira ya mahame: popo wananing'inia juu na utando wa buibui umefunika vitanda. Lakini ukiughani kwa sauti utasikia jambo ambalo jicho hulipita. Mshororo wa tatu unasema kwamba humo ndani hapasikiki hisi wala ukelele, na papo hapo wa nne unatuletea mlio wa "tanda" na "tandu" mara tatu mfululizo, mpaka utando wenyewe unaonekana kuenea mdomoni mwa msomaji. Kuiita takriri na kuendelea mbele ni kuipunja, kwa sababu urudiaji huo ndio unaoujaza ukimya uliotangazwa kabla yake.

Vina navyo vina kazi. Katika kila ubeti mishororo mitatu ya kwanza huwa na kina chake, nao wa nne huufunga ubeti kwa kina kinachorudi beti baada ya beti, kwa hiyo sikio hujifunza kuungoja mwisho ambao limekwisha kuujua. Kwa utenzi unaozungumzia mauti, sioni umbo ambalo lingefaa zaidi.

Hata hivyo, mbinu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya mshairi kuusemesha moyo wake mwenyewe, akiupa akili na ukaidi wa mtu, na kuuuliza kwa nini haujazinduka ilhali umeyaona yote hayo. Angetukemea sisi, tungepata la kumjibu. Kwa kuwa anagombana na nafsi yake, msomaji hubaki kusikiliza maswali ambayo hakuulizwa yeye, huku akijua kwamba yanamhusu.