Daftari la Japani: kutoka magari ya Gion hadi padri aliyepitia Malindi

Tangu mwaka uanze najifunza Japani kwa video, bila mwalimu wala darasa. Naandika nilipofika kwa sababu mradi umeshaanza kunikimbia. Nilipanga kushughulika na dini tu, historia nije kuigusa baadaye, lakini kila swali la dini nililouliza lilinirudisha kwenye serikali, maradhi au biashara ya merikebu.

Utaratibu ni mwepesi. Napakua usiku, bando likiwa rahisi, kwa ubora wa chini ili lisiishe mapema. Nachagua kwanza video zisizo na msimulizi: mtu kasimamisha kamera kando ya barabara na kuiacha irekodi. Naandika kila nisichokielewa, kisha ndipo natafuta makala yenye maelezo. Nyingi ni za NHK World, huduma ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, ambazo hazilipishwi (na kwa asiyejua, NHK wana idhaa ya Kiswahili pia). Video za samurai zenye muziki wa vishindo nimeziacha. Ukimaliza kuitazama moja damu inachemka, lakini ukiulizwa umejifunza nini huna la kusema.

Gion

Muda mwingi umekwenda hapa, na siujutii. Tamasha la Gion huchukua mwezi mzima wa Julai mjini Kyoto, na misafara mikubwa hupita tarehe 17 na 24. Magari makubwa ya msafara huitwa hoko: jukwaa la mbao juu ya magurudumu manne, paa, halafu mlingoti mrefu juu ya paa. Hoko kubwa hufika mita 25 hivi na uzito wa tani 12 hivi, na watu hupanda juu yake na zumari, ngoma na vigonga vya shaba. Kila mwaka hujengwa upya barabarani, mbao zikifungwa kwa kamba za majani makavu ya mpunga badala ya misumari. Ipo video ya mafundi wakifunga zile kamba ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Fundo linazungushwa na kuzungushwa mpaka kiungo cha mbao kinavaa kamba kama kifundo cha mguu kilichofungwa bendeji, na kamba hizo huachia kidogo gari linapotikisika, kwa hiyo mbao hazipasuki.

Halafu kona. Magurudumu ya hoko hayana usukani, yanakwenda mbele tu. Wakifika njia panda wanatandika vipande vya mianzi iliyopasuliwa chini ya magurudumu ya mbele, wanamwaga maji ili iteleze, na kundi la wanaume linashika kamba upande wa kona. Wawili wenye vipepeo vya mkononi, vya kupepea upepo, wanasimama mbele ya gari na kutoa mwito, kamba zinavutwa, gari zima linaruka upande kwa kishindo. Linageuka kidogo tu. Mianzi inapangwa upya, maji tena, mwito tena. Hakuna kitabu ambacho kingenionyesha jinsi ule mlingoti unavyoyumba juu ya vichwa vya watu wakati huo.

Mama alikuwa akipita nyuma ya kiti changu, akasimama. "Sasa hawa ni dini gani hawa, mwanangu?" Nikamwambia wengi wao hufuata mbili, Ushinto, dini ya asili ya Japani, na Ubudha. Akaangalia tena lile gari. "Basi wana kazi." Nilimpa jibu fupi, ila takwimu zinaliunga mkono: ukijumlisha waumini wanaoripotiwa na mashirika ya dini ya Japani unapata idadi inayozidi watu wote wa nchi, kwa sababu mtu mmoja huhesabiwa kwenye jinja, mahali pa ibada pa Kishinto, la mtaani kwake na tena kwenye hekalu la Kibudha linalotunza makaburi ya ukoo.

Chanzo cha Gion ni maradhi. Mwaka 869, tauni ikiua watu, mikuki 66 ilisimamishwa, mmoja kwa kila jimbo la nchi wakati huo, kuzituliza roho zilizoaminika kuleta ugonjwa. Milingoti ya magari ya leo ndiyo kumbukumbu ya mikuki ile. Mungu aliyeombwa aliitwa Gozu Tenno, mwenye kichwa cha ng'ombe, aliyehusishwa na monasteri ya Kibudha ya India na papo hapo kufananishwa na Susanoo, mungu wa Kishinto wa dhoruba. Kuna kisa chake kizuri. Akiwa safarini aliomba malazi kwa tajiri, akanyimwa. Akaenda kwa maskini, Somin Shorai, akapokewa kwa alichokuwa nacho. Tauni ilipokuja, kizazi cha Somin kikasalimika. Mpaka leo watu wa Kyoto hununua hirizi za majani ya mwanzi wakati wa tamasha na kuzitundika juu ya mlango, zimeandikwa kwamba hii ni nyumba ya kizazi cha Somin Shorai.

1868

Hapa nilikwama kwa muda. Makala za kisasa zinasema tamasha ni la jinja la Yasaka na mungu wake ni Susanoo. Gozu Tenno anatajwa kwa mbali, au hatajwi kabisa. Amekwenda wapi?

Ameondolewa kwa amri. Mwaka 1868 serikali mpya ya mfalme Meiji iliagiza Ushinto utenganishwe na Ubudha baada ya karne nyingi za kuishi pamoja, maana ilitaka Ushinto usafishwe uwe nguzo ya mamlaka ya mfalme. Jina la Gozu Tenno limo ndani ya amri yenyewe, kama mfano wa mchanganyiko usiotakiwa. Mahali palipojulikana kama Gion pakaitwa Yasaka. Kwingineko nchini sanamu za Budha zilivunjwa na mahekalu yakafungwa. Tangu nisome hayo natazama video za majinja kwa jicho jingine. Nikiona mnara wa ghorofa wa Kibudha ndani ya uwanja wa Kishinto, kama ule wa Nikko, sioni tena ajabu. Ajabu ni kwamba umebaki.

Rebeka juu ya gari

Hili sikulitafuta. Hoko hupambwa kwa mazulia na vitambaa vya thamani, vingine vilivyoagizwa kutoka mbali. Gari liitwalo Kanko-hoko lina kitambaa cha mbele kilichofumwa karne ya 16 huko Flanders, Ubelgiji ya leo, na picha yake ni ya Isaka na Rebeka, kutoka Agano la Kale. Wafanyabiashara wa Kyoto walikipitisha barabarani wakati Ukristo ni marufuku, na mtu angeweza kuuawa kwa kuushika. Inaelekea hakuna aliyejali picha ilikuwa ya nani. Kilikuwa kitambaa kizuri, cha ghali, cha ng'ambo.

Ikabidi niufuate Ukristo wenyewe, na ndipo nikajikuta pwani yetu. Padri aliyeufikisha Japani, Francis Xavier, alishuka Kagoshima mwaka 1549. Miaka saba kabla, akielekea Goa, alikuwa amepitia Msumbiji, kisha Malindi. Kile kikanisa kidogo cha Wareno kilicho karibu na bahari Malindi huhusishwa naye mpaka leo. Katika barua aliyoandika Goa mwaka huo wa 1542, anasimulia kwamba mzee mmoja Mwislamu wa Malindi alimlalamikia watu wamelegea: mji una misikiti 17, na inayohudhuriwa ni mitatu tu. Nimemsomea mama. Hakushangaa hata kidogo.

Yaliyofuata Japani nayapitisha haraka, ni marefu na nitayarudia. Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki mwaka 1597, marufuku ya nchi nzima ikaja 1614, uasi wa Shimabara ukazimwa 1638. Waliobaki wakajificha. Mwaka 1865 wanakijiji wa Urakami waliingia kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni, wakamnong'oneza padri Mfaransa Bernard Petitjean kwamba imani yao ni moja na yake. Walikuwa wameishi zaidi ya karne mbili bila padri. Serikali ya Meiji, ileile ya 1868, iliwahamisha zaidi ya watu 3,000 wa Urakami kwa nguvu na kuwatawanya, na mabango ya marufuku hayakuondolewa mpaka 1873.

Video iliyonishika zaidi katika sehemu hii inatoka kisiwa cha Ikitsuki. Wazee wamevaa kimono, wamekaa sakafuni, wanasoma sala kwa kasi na kwa sauti ya chini, na ndani yake mna Kilatini kilichopokezwa kwa mdomo kizazi hadi kizazi mpaka hakifahamiki tena. Marufuku ilipoondolewa, familia nyingi zilirudi Kanisa Katoliki. Hawa hawakurudi. Walisema njia ya wazee wao inawatosha, na juu ya rafu nyumbani vitu vyao vya sala vinakaa jirani na madhabahu ya Kibudha na ya Kishinto. Serikali ilitumia amri kutenganisha dini mbili, na chumbani mwa mzee mmoja zimepangwa tatu.

Kinachofuata

Ise. Jinja kuu la huko hujengwa upya kila baada ya miaka 20; mara ya mwisho ilikuwa 2013 na ijayo ni 2033. Matayarisho yenyewe huchukua miaka, kwa hiyo rekodi za ukataji wa miti ya hinoki zipo na nyingine zitakuja. Nataka kazi ya useremala zaidi kuliko sherehe. Anayejua rekodi ndefu isiyo na muziki, aniambie.