Kufuli la Mama Perezida

Sanduku letu lilikuwa la chuma, la rangi ya buluu, na lilikuwa na makufuli matatu. Aliyewahi kuingia AVEC, kikundi cha akiba na mikopo, pale Goma, mashariki mwa Kongo, analijua vizuri: funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Kwetu ulikuta watu wameshazoea likelemba. Kwenye likelemba zamu yako ikifika unachukua mchango wote na kwenda zako. Kwenye AVEC unanunua hisa kila wiki, pesa zinakopeshwa wanachama kwa faida ndogo, na mwisho wa mwaka kila mtu anapata mgao kulingana na hisa zake.

Kikundi chetu kilikuwa cha mtaa wa Mabanga Sud, watu 25, karibu wote wa soko la Virunga. Hisa moja ilikuwa franga 2,000, kama dola moja wakati ule, na kwa kikao kimoja uliruhusiwa kununua hisa moja hadi tano. Mimi nilikuwa mwandishi. Sikupewa kazi hiyo kwa kupenda hesabu, ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Kwa kanuni, mwenye ufunguo hapaswi kuwa kiongozi. Kanuni hiyo ilivunjwa kikao cha kwanza kabisa, pale mwenyekiti wetu, Mama Perezida, aliposema hawezi kuongoza kitu asichoweza kukifungua. Tukampa ufunguo. Wa pili alipewa Mama Makala, mzee kuliko sisi sote, muuza makala, yaani mkaa, tangu enzi za Mobutu. Wa tatu ulikuwa kwa kijana mmoja mwendesha pikipiki, tukimwita Motari tu.

Watu hawa watatu hawakuwahi kukubaliana kuhusu pesa, na nadhani ndiyo maana sanduku lile halikuwahi kuibiwa.

Mama Perezida alikuwa mtu wa kukopesha. Pesa ikilala inaoza, ndivyo alivyosema, na kikao kikikaribia kufungwa huku sanduku lina noti alikosa raha, akaanza kuwauliza watu mmoja mmoja kama hawana biashara ya kuongeza. Mama Makala alitaka kinyume chake: sanduku lijae, likitikiswa asikie. Yeye alikuwa na sababu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ilipita juu ya nyumba yake, na pesa zake zote zilikuwa chini ya godoro. Tangu siku ile alishona dola zake kwenye pindo la sketi ya ndani. Hisa kwetu alinunua, lakini moja tu kila wiki, kama mtu anayelipa ushuru. Motari alinunua tano bila kukosa, na mkopo hakuchukua kamwe. Nilimuuliza sababu, akacheka: zisipoingia sandukuni Jumapili, Jumatatu ziko nganda, kwa wauza pombe. Kwa Motari akiba ilikuwa njia ya kuficha pesa asizione yeye mwenyewe. Kati yao wote, yeye ndiye niliyemwelewa upesi.

Jumapili ya tarehe 16 Mei 2021 tulibishana hadi jirani akaja kuchungulia. Sandukuni mlikuwa na franga 1,640,000. Mama Perezida alitaka zitoke zote, waombaji walikuwepo. Dada mmoja aliyekaa Buhene, pembezoni mwa mji, aliomba 300,000 za kununua unga na mafuta ya kupikia kwa ajili ya kibanda chake. Mimi niliomba 200,000 za sambaza, samaki wadogo, waliokaushwa. Wengine walikuwa na yao. Mama Makala akauliza, "Ile feza yote munakopesha batu, itarudi namna gani kama kintu inatokea?" Hakujibiwa. Kura ikapigwa, 1,500,000 zikatoka, zikabaki 140,000, mbali na mfuko wa kusaidiana uliokuwa peke yake kwenye kifuko cha kitambaa: 118,000. Mama Makala aliamka na kiti chake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata, jioni, anga upande wa mlima likawa jekundu.

Usiku wa tarehe 22 Mei umesimuliwa na kila mtu wa Goma, sitauongezea mengi. Tulikimbia kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kupitia kivuko cha Petite Barrière, mbele watu, nyuma watu, magodoro vichwani. Nilibeba mtoto, gunia la sambaza na daftari kubwa la kikundi. Mume wangu aliniuliza kwa nini daftari na si blanketi. Sikuwa na la kumwambia kwa wakati ule, ila ukweli ni huu: sandukuni mlikuwa na pesa kidogo, daftarini mlikuwa na majina ya watu waliokuwa na pesa nyingi. Pesa zetu usiku ule zilikuwa zinakimbia kila njia, moja ndani ya gunia la mahindi, moja kwenye furushi la mitumba, moja juu ya kichwa changu na kunuka samaki. Aliyebeba sanduku, Mama Sanduku wetu, alilifunga na kitenge mgongoni kama anabeba mtoto, akavuka mpaka nalo. Watu walimpisha.

Alfajiri tukasikia lava imesimama ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Mabanga ilikuwa salama. Buhene haikuwa salama. Yule dada alipoteza nyumba, kibanda, unga na mafuta, vyote vikiwa na siku chache tu tangu vinunuliwe.

Tungeweza kukaa tukahesabu hasara pale pale, lakini ardhi haikutulia. Matetemeko yaliendelea mchana na usiku, kuta zikapasuka, na usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa 10 ihame. Mabanga Sud ilikuwamo. Safari hii wengi wetu tulikwenda Sake. Mama Perezida alirudi Gisenyi kwa shangazi yake, na ufunguo wake ukaenda naye.

Sake ni mji mdogo. Makanisa yalijaa, shule zikajaa, watu wakalala kwenye baraza za maduka. Maji yalikuwa ya kugombania. Nilikuta wanachama 11 wa kikundi, nikiwamo mimi, na Mama Sanduku akiwa amelikalia sanduku lake chini ya mti mmoja mwembamba wa shule. Hakutaka kuinuka hata kwenda kuoga mpaka mtu akae badala yake.

Ajabu ya wiki ile ni jinsi kila mmoja alivyogeuka. Motari alikuwa anapata pesa ambazo hakuwahi kuzipata: abiria wa Goma, mizigo ya Goma, kutwa nzima barabarani. Ndiye aliyekuwa anatununulia wote chai na mikate, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema sanduku livunjwe na kila kilichomo kigawanywe. Mama Makala, aliyepinga mikopo, sasa alisimama mbele ya sanduku na kusema haliguswi, kwa sababu pesa zilizomo ni za watu 25 na pale tulikuwa 11.

Na mimi nilikuwa nauza sambaza. Gunia langu la mkopo lilikuwa jepesi, halihitaji barafu, na watu walikuwa na njaa. Nilipandisha bei. Si sana, lakini nilipandisha, na sioni aibu, kwa kuwa aliyeniuzia maji Sake alinipandishia pia na deni langu lilikuwa linahesabiwa faida kila mwezi, volkano au bila volkano. Mama Makala alikuja akatazama kopo langu la kupimia, akanunua kwangu makopo mawili bila kupunguziwa. Kisha akasema, "Mwandishi, na weye uko sawa na Perezida." Nilielewa kwamba si sifa.

Watoto wa wenzetu wawili walipoanza kuharisha, ubishi uliisha. Mfuko wa kusaidiana umewekwa kwa ajili ya hilo hasa: ugonjwa, msiba, moto. Tulimpigia Mama Perezida, simu ikawekwa sauti kubwa juu ya kifuniko cha sanduku. Alinyamaza kidogo, halafu akasema tungoje, atatafuta mtu wa kuleta ufunguo. Mtu gani, siku zile, kutoka Gisenyi hadi Sake? Tukamwambia kufuli lake litakatwa. Akauliza kwa nini lake na si la Motari. Motari akajibu kwamba lake lina ufunguo. Tulicheka, sisi watu ambao hatukuwa tumelala.

Fundi wa vyuma alikuja na msumeno. Mama Makala alikuwa na masharti yake: makufuli mawili yafunguliwe kwanza kwa funguo, na wenye funguo wenyewe, ndipo la tatu likatwe, na wote 11 wawepo wakitazama. Akatoa ufunguo wake kutoka pindoni, kule kule kwenye dola, akaomba kiwembe cha kukatia nyuzi. Motari aliutoa wake kwenye mnyororo wa funguo za pikipiki. Msumeno ukaanza. Chuma kile kilikuwa kigumu kuliko tulivyodhani. Fundi alitoka jasho, akabadilisha mkono, na unga wa chuma ukamwagika juu ya kitenge cha Mama Sanduku ambaye bado alikuwa ameshika sanduku kwa mikono miwili asije mtu akalisogeza.

Nilihesabu kwa sauti. Za hisa, 140,000, sawa na daftari. Za kusaidiana, 118,000, sawa. Kila mmoja akapewa 10,000, nikaandika, wakatia sahihi au kidole. Zikabaki 8,000. Motari aliomba tena 140,000 zigawanywe, akatazamwa, akanyamaza. Tulinunua kufuli jipya pale senta kwa 6,000. Fundi alikataa malipo. Ufunguo wa kufuli jipya nilikabidhiwa mimi, na hapo kanuni ikavunjwa kwa mara ya pili.

Serikali iliporuhusu watu kuanza kurudi, Juni, kikao cha kwanza kilikuwa kigumu kuliko usiku wa lava, kwangu mimi. Waliokimbilia Minova na Bukavu walidai 10,000 zao. Walikuwa na haki, na mfuko ulikuwa na 2,000. Tuliwaahidi tutawalipa kidogo kidogo, tukafanya hivyo. Kisha likaja deni la Buhene.

Yule dada alikaa nyuma, karibu na mlango, na kitenge cha kuazima. Nilitegemea Mama Makala aseme, si niliwaambia. Badala yake alisimama akasema deni lifutwe lote. Mwaka 2002, alisema, alikuwa na deni la makala kwa mfanyabiashara mmoja, na yule mtu alimfuata mpaka kambini alikojihifadhi. Hakueleza ilikuwaje baadaye. Mama Perezida ndiye aliyekataa, yeye aliyetusukuma kukopesha. Akifutiwa mmoja kwa volkano, mwingine atafutiwa kwa mvua, na wa tatu kwa mume mlevi, na mwakani hakuna atakayenunua hisa. Alisema hayo akiwa na machozi, lakini alisema.

Nilipiga kura pamoja naye na bado naona tulifanya sawa. Kikundi hakikuwa na pesa ya kumpa mtu zawadi ya 300,000. Kilikuwa na pesa za Motari, za Mama Sanduku, za mjane wa pale nyuma anayenunua hisa moja kwa sarafu za kuuza ndizi. Tulichoweza kumpa dada ni muda. Faida ikafutwa, deni likavutwa hadi mzunguko unaofuata, na kila mtu akakubali mgao wake upungue mwaka ule. Aliyetaka kumsaidia zaidi alimsaidia kwa mfuko wake. Mama Makala alimpa gunia la makala aanzie hapo, na dada alimalizia deni mwaka uliofuata akiuza makala.

Mgao wa Desemba ulikuwa mwembamba. Hisa ya 2,000 ilirudi na 2,210, wakati mwaka uliotangulia ilirudi na 2,450. Mama Perezida alizichukua zake na kuuliza pale pale nani ana biashara ya kushirikiana. Motari alinunua matairi mawili mapya kabla ya saa sita, na kufikia jioni, nasikia, ilikuwa Jumatatu yake ya kawaida. Mama Makala alinitaka nimsindikize kwa mtu wa kubadilisha pesa, barabarani. Alipewa dola, akazigeuza moja moja, akazinyoosha juu ya goti. Moja ilikuwa na mpasuko ukingoni, usiofika hata unene wa ukucha. Akamrudishia yule kijana.

"Hii upelekee Perezida," akasema. "Yeye njo anapenda hatari."