Miguu ukutani

Juzi binti yangu alikuwa akifanya kazi ya shule kuhusu mapinduzi ya viwanda, akaniuliza: "Mama, kabla ya treni, makaa ya mawe yalivukaje vilima?" Kitabu chake kina picha ya farasi anayekokota boti mferejini, basi. Nikabaki na mwiko mkononi, mchuzi ukishika chini ya sufuria, akili imeshafika Dudley, mji wa Uingereza karibu na Birmingham.

Ni mwaka ule baba yake bado anafanya zamu za usiku. Jumapili moja tukapanda boti ya matembezi kuingia katika handaki la Dudley, mahali mfereji unapopita ndani ya kilima. Lilifunguliwa mwaka 1792, urefu wake karibu kilomita 3. Mawe ya chokaa yalichimbwa humo humo kilimani, na makaa ya mawe yalipita kwenda kwenye tanuri na viwanda vya Birmingham na kwingineko. Ni jembamba, boti mbili haziwezi kupishana, na halina njia ya farasi. Kwa hiyo farasi alifunguliwa mlangoni akapitishwa juu ya kilima, mara nyingi na mke au mtoto, na wanaume wakabaki chini na boti yenye tani kama 25 za mzigo.

Mzee aliyetuongoza akazima mtambo, akauliza nani anataka kujaribu kazi yao. Nikanyoosha mkono.

Nikalala chali kwenye ubao uliolazwa kukingama boti. Upande wa pili akalala mama mmoja mtu mzima, vichwa vyetu vikakaribiana hadi nikawa nasikia anavyohema. Nikaweka nyayo ukutani. Mawe yalikuwa maji matupu, na baridi yake ikapenya soli za viatu. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Boti haikutikisika.

"Usisukume," mzee akasema. "Tembea."

Nikaanza kutembea kwa ubavu, mguu mmoja ukiupita mwingine, taratibu. Juu yangu matone yalikuwa yakidondoka. Palikuwa na doa jeupe la chokaa kuliani pa mguu wangu, nikalikazia macho kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. Halikusogea. Kisha likasogea. Likaja polepole hadi katikati ya nyayo zangu, likapita kushoto, likapotelea gizani. Boti nzima na watu wake ilikuwa inakwenda, na kilichoipeleka ni mapaja yangu na ya mama yule. Nyonga zikaanza kuwaka, tumbo likakaza. Hatukufika mbali, mtambo ukawashwa tena. Wenzetu wa zamani walikwenda hivyo saa kadhaa, mzigo umejaa, kwa mwanga wa mshumaa.

Mzee akatueleza jinsi boti zilivyokuwa zikipanga foleni mlangoni zikingoja zamu ya kuingia. Msongamano ulizidi mpaka likachimbwa handaki jingine jirani, la Netherton, likafunguliwa mwaka 1858, pana, lenye njia za farasi pande zote mbili.

Jioni nikampigia baba Mombasa. Nilitaka kumsimulia yeye kuliko mtu mwingine yeyote, maana alikuwa hamali bandarini tangu ujanani. Sijui kama ni haki kuwaweka watu hao kwenye mizani moja. Mabega yake na miguu yao, karne mbali na bahari kati. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atauliza habari za giza au za baridi.

"Walilipwa kwa siku au kwa mzigo?"

Nikamjibu nilivyoelewa, kwamba wengi walilipwa kwa mzigo uliofika.

"Basi, mwanangu, hiyo foleni ilikuwa ikila kwao."

Kisha akaanza kunihadithia siku alizokaa Kilindini akingoja meli iliyochelewa, sisi nyumbani tukiamini kwamba yuko kazini na pesa inaingia. Nilikuwa mtu mzima, nimeolewa, na ilikuwa mara ya kwanza kunieleza hayo.