Ati naenda Nairobi kusomea cherehani

Tangu matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke, huku kwetu Langoni, Lamu, swali ni moja tu, we mtoto unaenda kusomea nini, na kila nikijibu naona mtu anakunja uso kidogo halafu anasema "aah, ushonaji". Ami ndo kazidi. Yeye anasema barazani kabisa mbele ya watu, "Huyu tumemsomesha miaka yote hiyo aende Nairobi kusomea cherehani, na fundi si huyo hapo nyuma ya msikiti, angekaa naye miezi sita akatoka fundi." Watu wanacheka. Mie pia nacheka, manake ukinipa shati nikutilie kifungo kitakaa siku mbili kianguke.

Sasa wacha nieleze mara moja nsirudie tena. Ninachotaka si kushona. Nataka ile kazi inayokuja nguo ikishashonwa, nani ataijua, ataionea wapi, itapigwa picha vipi, itaandikiwa maneno gani. Huko nje hiyo ni digrii nzima, Central Saint Martins pale London wanasomesha mawasiliano ya fesheni kama kozi yake yenyewe, na kozi za namna hii unasoma kuandika, kupiga picha, kuvalisha watu kwa ajili ya picha, kupanga maonyesho, kuzungumza na wanahabari, ukimaliza unatoka na potifolio ya kazi zako mkononi. Nkamtolea ami mfano wa Eleanor Lambert, mama wa Kimarekani, hakuwa mbunifu wa nguo, kazi yake ilikuwa kuzitangaza, na mwaka wa 1943 vita vilipowazuia wanahabari kwenda Paris akawakusanya New York waone nguo za Wamarekani, ndo ikaja ikawa hiyo wiki ya fesheni ya New York, na 1948 akaanzisha Met Gala, ile hafla kubwa ya mavazi ya New York. Ami akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na huyo Eleanor alikuwa na mume?" Nkanyamaza.

Lakini ukweli haya sikuyatoa kwa Wamarekani, nimeyatoa kwa mamangu. Mama anauza leso (kanga) na madira hapa hapa nyumbani, na sijawahi kumsikia mteja akaingia akasema nipe leso nyekundu, wanauliza "imeandikwaje?" Rangi baadaye. Leso ina pindo, ina mji hapo katikati, na ina jina, yaani yale maneno, na jina ndo linalouza. Mzigo ukifika kutoka Biashara Street Mombasa, mama anakaa chini anazisoma zote moja moja na hapo hapo anajua hii "Japo sipati tamaa sikati" ampigie nani simu, na ile ya kijembe anaiweka kando kwa jirani ambaye najua na yeye anajua kuwa amegombana na wifi yake. Hajaiweka hata kwenye meza na ishapata mwenyewe. Na zile zenye K.H.E. Mali ya Abdulla, yaani za Kaderdina, wale wauza leso wa Mombasa, hazihitaji maelezo, mmama anatafuta hayo maneno kwanza ndo aangalie mengine. Wenye vitabu wakiandika utafiti wa soko na uaminifu wa mteja wanaandika mambo ya mamangu tu.

Halafu kuna kofia. Kakangu anashona kofia za vito, zile za mkono, kitobo kimoja kimoja kinazungushiwa uzi, na moja inaweza kumla miezi miwili mitatu kutegemea na naksi. Dalali alikuwa akija anampa elfu tatu, anaenda nayo, sisi hatujui anaiuza ngapi ila hatujawahi kumwona akilia. Mwaka jana kabla ya Maulidi nkamwambia kakangu hii usimpe, nipe mie. Nkaipiga picha jioni jua likiwa limelala, si juu ya meza, nkampa babu akaivaa akakaa mlangoni, na nkaandika tu kweli, imeanza kushonwa mwezi gani, imemalizika lini, aliyeishona ana vidole vimeota sugu. Nkaiweka statasi ya WhatsApp. Mtu wa Malindi kaichukua kwa elfu saba, hata hakushusha bei, akauliza mnayo nyingine? Kofia ni ile ile jamani. Uzi ni ule ule. Sikuongeza hata tobo moja.

Hapo ndo nkaanza kusoma soma, nkakutana na habari ya kikoi iliyoniuma kweli. Mwaka wa 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajili neno "kikoy" liwe nembo yake ya biashara kule kwao. Neno tu! Hawakuomba kitambaa, waliomba jina. Kenya ikapinga na mwishowe hiyo kampuni ikaachilia, lakini mie nlikaa na hiyo habari siku kadhaa, manake babangu kavaa kikoi maisha yake yote na kama ungemuuliza hilo jina lina thamani gani angekuona umechanganyikiwa. Wale wenzetu walijua. Na nani huku kwetu anasomea hiyo kitu? Sote tunakimbilia ualimu na uuguzi (sisemi ni vibaya, dadangu ni muuguzi na ndo analipa umeme).

London basi tuiache, karo ya mwanafunzi wa kigeni kule hata tukiuza nyumba na punda haitoshi. Nkaanza kupekua kwenye KUCCPS, ule mtandao wa kuombea nafasi za vyuo, usiku usiku intaneti ikiwa na nguvu kidogo, nkasema kama sipati mawasiliano na mitindo kwa pamoja nichague moja wapo, uandishi wa habari labda, halafu nijifundishe mengine mwenyewe. Wiki nzima nlikuwa hivo, leo hiki kesho kile. Mwisho nkatua Kenyatta University, wana digrii ya ubunifu wa mitindo na masoko. Hiyo "na masoko" ndo imenichukua. Nkajaza, nkaituma, nkalala kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi ndo nkakaa nkasoma vizuri hiyo kozi ina nini ndani. Masoko yamo, sawa. Na kukata vitambaa kumo, na kutengeneza patani za kukatia nguo kumo, na kushona kumo tena si kidogo.

Nlimwambia mama peke yake, nkamwapisha asimwambie ami. Alicheka mpaka akajifuta machozi na leso, halafu akaenda akalitoa lile cherehani lake la zamani chini ya kitanda, akalipangusa vumbi, akaniita, "Ndoo hapa." Jana nimemaliza foronya ya mto. Imepinda upande mmoja na mto hauingii.