Kutafuta Chuo: Singida Hadi Dar kwa Basi na Treni

Kidato cha Sita shuleni kwetu kila mtu ana chuo chake tayari, matokeo hata hayajanukia. Ukimuuliza amekichaguaje, atakwambia kaka yake alisoma hapo, au anapenda lile jengo la Nkrumah la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, alilolizoea kwenye noti ya zamani ya shilingi 500. Mimi nasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na nyumbani Singida chuo changu kilishachaguliwa na mama: Muhimbili, udaktari, mjadala umefungwa. Likizo ya Desemba baba mdogo alikuwa na harusi Dar. Yeye ni mwalimu. Akamwambia mama, "Shemeji, niachie huyu twende wote. Tutashuka njiani akavione hivyo vyuo kwa macho. Mtu hanunui hata kiatu bila kukijaribu."

Basi la alfajiri, Manyoni, na mchana tuko Dodoma. Binamu yangu anasoma ualimu UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akatupokea na kututembeza. Nilikuwa najua chuo kimeanzishwa 2007 na kwamba kimejengwa kwa lengo la kubeba wanafunzi 40,000. Namba hizo hazikunieleza kwamba kutoka ndaki moja, yaani tawi moja la masomo, kwenda nyingine unapanda gari. Upepo unapuliza vumbi, majengo yametawanyika vilimani, na ukisahau daftari hosteli, basi umelisahau. Udaktari upo pia, na hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapo hapo. Nikaandika: "Inawezekana." Baba mdogo akasoma kwa jicho la pembeni, akacheka.

Dodoma hadi Morogoro tulipanda treni ya umeme. Tangu safari zake zifike Dodoma mwaka 2024, watu wa huku wamekuwa na kiburi cha kuangalia saa. Kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa masikio yaliziba, mtoto wa siti ya mbele akapiga kelele kwa furaha kila giza lilipoingia. Baba mdogo akanihadithia habari za Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyekuwa akitoka Dodoma kwenda Dar tarehe 12 Aprili 1984, akafa kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, Morogoro. Baba mdogo wakati huo alikuwa mtoto, anakumbuka watu wazima wakilia mbele ya redio. Julai ya mwaka ule ule kitivo cha kilimo cha Mlimani kikageuzwa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake. Ndiko tulikokuwa tunakwenda, ingawa mimi nilidhani tunapita tu kusalimia.

SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko chini ya milima ya Uluguru, na baada ya Dodoma ule ukijani unakushtua. Mwenyeji wetu alikuwa dada mmoja wa mwaka wa nne anayesomea udaktari wa mifugo, binti wa rafiki wa baba mdogo. Alikuja na gambuti miguuni na koti lenye madoa ambayo sikuuliza ni ya nini. Alitupeleka kwenye hospitali ya wanyama. Mbwa alikuwa mezani, wanafunzi wamemzunguka, mwalimu anauliza maswali na hakuna anayeangalia sakafu. Kozi ni miaka mitano, akasema, sawa na ya daktari wa watu, "ila mgonjwa wangu hasemi panapouma, mdogo wangu."

Nikamuuliza kuhusu ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Kwetu Ikungi, Singida, ugonjwa huo ulimaliza ndama wa baba mwaka mmoja. Tuliwaona tezi zimevimba, wanahema kwa shida, na tulichofanya ni kuita jirani mwenye dawa asiyejua kipimo chake. Yule dada alinieleza kwa kirefu: kijidudu anayebebwa na kupe, seli anazozishambulia, chanjo ambayo ndama anaambukizwa vimelea hai na kupewa dawa kwa wakati mmoja. Baiolojia niliyokuwa nakariri kwa ajili ya mtihani wa taifa wa NECTA ilikuwa na kwato na mkia. Nilisahau njaa.

Alituonyesha pia panya buku wa shirika la APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, panya aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa hapo Morogoro. Baba mdogo alikuwa anamtazama panya kama anayetazama mkaguzi wa shule.

Jioni tukaenda kampasi nyingine ya SUA, ya Mazimbu. Hapo zamani palikuwa na shule ya chama cha ANC ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi. Imepewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Aprili 1979 akiwa na miaka 22. ANC waliikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1992. Makaburi ya wapigania uhuru bado yapo, yanatunzwa. Wanafunzi wanapita pembeni na vitabu.

Dar ilikuwa joto na foleni. Mlimani nilipapenda kwa maktaba yake mpya, iliyofunguliwa 2018, inayoketisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ningeweza kuhamia humo. Muhimbili tulisimama nje ya chuo, tukaongea na kijana wa mwaka wa pili. Kitabu cha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kinasema kiwango cha chini cha udaktari ni pointi sita. Akatabasamu: "Sita ni ya kitabu. Foleni ya hapa ni nyingine." Alikuwa mpole, amechoka, na anaipenda kazi yake. Nilimwonea fahari, wala sikumwonea wivu. Hapo ndipo nilipojijua.

Usiku nikampigia mama. Nikaamkia, nikamweleza kila kitu, mpaka panya. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo nimekusomesha PCB uje kuchunga?" Nikamwambia hapana mama, nije kutibu. Akasema mpe simu baba yako mdogo. Waliongea muda mrefu; mimi nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo shemeji... Hapana, ni daktari kamili... Ndiyo, bodi ya mikopo inapokea maombi yao pia..."

Mtihani ni Mei, na maombi ya vyuo yatafuata baada ya matokeo. Mama hajakubali bado. Amesema tu kwamba nikija nyumbani nimwangalie yule ng'ombe mweusi, maana ana siku mbili hali vizuri.