Siku moja Turkana: orodha moja, wafadhili wengi

Saa 11 alfajiri. Lodwar bado giza, joto limeshaamka. Niko upande wa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, hapa kwenye dayosisi, na leo tunakwenda Kerio kuhakiki majina ya kaya zitakazotumiwa pesa za chakula. Maji, daftari, betri za akiba, gari linaondoka.

Saa 2 na nusu. Baraza chini ya mti. Tunasoma majina kwa sauti, kaya baada ya kaya, mbele ya kijiji kizima. Ni kazi ndefu, lakini sijaona njia iliyo bora. Fomu haiwezi kukuambia kwamba fulani ana mbuzi kwa shemeji yake ng'ambo ya lagga, yaani mto wa msimu, au kwamba yule ajuza aliyekaa pembeni analea wajukuu peke yake. Kijiji kinajua. Wazee wanabishana, jina linatoka, jingine linaingia. Wengi hapa walipoteza mifugo kati ya 2020 na 2023, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, na zizi halijai tena kwa mwaka mmoja.

Saa 5. Mama mmoja ananishika mkono. "Mwanangu, wengine walikuja wakahesabu watoto wangu. Wewe unawahesabu tena?"

Ana haki ya kuudhika. Nimeona mwenyewe familia ikihojiwa mara tatu na watu watatu kwa msaada wa aina moja, huku kijiji jirani hakijafikiwa na yeyote. Ndiyo maana sisi tunashikilia orodha moja, inayotunzwa na dayosisi, kila mfadhili achangie humo. Namweleza hivyo, kisha tunakagua simu yake: laini imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliye Kitale. Hilo lazima lirekebishwe kabla ya M-Pesa kutumwa.

Saa 8. Ugali, samaki wa ziwani, barabara.

Saa 10 jioni. Kikao mtandaoni na washirika. Tumechagua saa hii kwa sababu Ireland ni saa 8 mchana na mashariki mwa Marekani ndiyo kwanza saa 3 asubuhi. Caritas Internationalis, mtandao wa Caritas zote duniani, iliundwa mwaka 1951 na ina wanachama zaidi ya 160, lakini udugu huo unapimwa kwenye mambo madogo kama leo: tutaandika ripoti ngapi? Nasema moja. Sehemu ya pesa hizi hutoka kwa waumini wa kawaida: Ireland wanajaza sanduku la karatasi la Trócaire, shirika la misaada la Kanisa Katoliki la huko, wakati wa Kwaresima, na Marekani wana Rice Bowl, mchango kama huo wa Kwaresima wa shirika la Kikatoliki la CRS, iliyoanza 1975. Sioni kwa nini mchango wa aliyejinyima chakula uishie kulipia hesabu ileile mara mbili.

Wanakubali fomu moja ya kuhoji kaya. Ripoti ya fedha bado kila mmoja anataka yake, na mwezi ujao nitalirudisha mezani.

Saa 1 usiku. Naingiza masahihisho ya Kerio, kisha nampigia mwenyekiti wa kamati ya kijiji: laini ya yule mama isajiliwe upya kabla ya Ijumaa.