Sherifu wa kaunti yetu huchaguliwa Mei, si Novemba

Kilichonifanya nimtafute sherifu si mwizi wala kelele za jirani. Ni bili. Tuliponunua nyumba huku vijijini kusini mwa jimbo la Kentucky, Marekani, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Bowling Green, ilikuja bahasha ya kodi ya nyumba, na aliyeandikwa kuwa ndiye wa kulipwa alikuwa sherifu wa kaunti, yaani mkuu wa askari wa kaunti anayechaguliwa kwa kura. Ukilipa kufikia tarehe 1 Novemba unapunguziwa asilimia 2. Ukivuka Desemba unapigwa faini. Mimi nimekulia Morogoro, ambako askari polisi na mtu wa mapato hawakai ofisi moja. Nikaona huyu bwana lazima nimwelewe, hasa kwa kuwa nilikuwa karibu kuapishwa uraia na uchaguzi wa 2022 ulikuwa unakuja.

Nilianza kwa kusoma mtandaoni, nikachanganyikiwa, kwa sababu kila jimbo lina mambo yake. Sherifu wa New Hampshire hukaa madarakani miaka 2, wa Massachusetts 6, na Connecticut waliifuta kabisa nafasi hiyo mwaka 2000. Karibu kila makala iliniambia kuwa sherifu ndiye bwana jela. Kentucky sivyo. Hapa mkuu wa jela anachaguliwa kivyake, na hata kaunti zisizo na jela bado zinamchagua. Kazi ya mkuu wa jela asiye na jela huwa ni kusafirisha mahabusu kwenda jela ya kaunti nyingine. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote aliye Marekani: soma ya jimbo lako, mengine yaache.

Sherifu wetu anakusanya kodi, analinda mahakama, anapeleka hati za mahakama, anasimamia watu kutolewa kwenye nyumba kwa amri ya hakimu, na gari ulilolileta kutoka jimbo jingine linakaguliwa na ofisi yake kabla hujapewa namba za hapa. Halafu, mbali na mji kama tunakokaa sisi, anayekuja ukipiga namba ya dharura, 911, mara nyingi ni naibu wake. Kwetu Tanzania OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akilalamikiwa sana anahamishwa kwa barua kutoka juu. Sherifu hana wa kumwandikia barua ya uhamisho. Baraza la kaunti linapitisha bajeti yake, lakini haliwezi kumtoa. Kipindi chake ni miaka 4, na anaweza kugombea tena na tena. Katiba ya jimbo inataka awe na umri wa miaka 24, awe ameishi Kentucky miaka 2 na katika kaunti mwaka 1. Kwamba awe amewahi kuwa polisi, katiba haisemi.

Jambo lililobaki lilikuwa ni lini hasa anachaguliwa, na hapo ndipo wageni wengi tunapopotea. Mabango ya uchaguzi mkuu wa Novemba ni mengi, lakini kaunti za vijijini zina chama kimoja chenye nguvu, kwa hiyo mchuano wenyewe ni wa kura za maoni ndani ya chama, mwezi Mei. Aliyefuatilia kura za maoni za CCM, chama tawala cha Tanzania, kwenye jimbo la ubunge lisilo na upinzani hahitaji maelezo zaidi. Hakuna marudio pia: wakigombea wanne, mwenye kura nyingi ameshinda, hata kama hakufika nusu.

Na kura hizo zimefungwa. Asiyejiandikisha na chama hapigi kura ya sherifu mwezi Mei. Aliyejiandikisha na chama kingine, akitaka kuhama, lazima ahame kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Mzee jirani yangu alinieleza kwamba miaka mingi watu wa hapa walibaki wameandikishwa Democrat kwa sababu vyeo vya kaunti vilikuwa vinaamuliwa huko, ingawa rais walimpigia Republican. Mambo yamegeuka, mwaka huohuo wa 2022 walioandikishwa Republican waliwapita Democrat jimbo zima. Mimi nikajiandikisha chama ambacho ndani yake sherifu wetu angepatikana. Kuna marafiki waliokunja uso. Niliwajibu kwamba rais wa Marekani hataniletea hati ya mahakama mlangoni.

Kumpima mgombea ilikuwa kazi yenye utamu wake. Mkaguzi wa hesabu wa jimbo hukagua ofisi za masherifu kila mwaka na ripoti zinawekwa wazi mtandaoni. Nilisoma za kaunti yetu. Hoja inayojirudia kwenye ofisi ndogo ni kwamba mtu yuleyule anapokea hela, anaziandika kitabuni na anazipeleka benki. Si wizi, ila ni mlango uliowekwa kitasa bila kufuli. Wagombea walipokuja kuongea kwenye hafla ya nyama choma ya kikosi cha zimamoto, nikauliza wanaonaje hoja hiyo, na simu ya mtu asiyejua Kiingereza vizuri inapokelewaje usiku. Mmoja alitaja huduma ya mkalimani wa simu na namna naibu anavyoitumia akiwa barabarani. Mwingine alisema kwake watu wote ni sawa. Hilo la pili ni jibu zuri la kupigiwa makofi, na lilipigiwa. Kura yangu nilimpa wa kwanza. Novemba, chini ya nafasi ya sherifu, karatasi ilikuwa na jina moja tu.

Sasa mama mmoja wa Uvira, Kongo, ninayefanya naye kazi kiwandani anakaribia kuapishwa, na kura za maoni za sherifu baada ya zile za 2022 ni za tarehe 19 Mei 2026. Aliniuliza, "Kaka, niandike chama gani?" Nikamwambia, "Mama, wewe usiwe na haraka." Majina ya wagombea hufungwa Januari, baada ya sisi wa zamani kufungiwa mlango wa kuhama Desemba. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza anaruhusiwa kuchagua chama hata baada ya hapo, mradi awahi mwisho wa uandikishaji, wiki 4 kabla ya kura. Yeye atachagua akiwa ameshaiona orodha. Mimi nitakuwa nimebahatisha.